Kurudi nyumbani baada ya muhula wa masomo ughaibuni: maandalizi ambayo wanafunzi wa Uganda hatupewi

Mleta uzi (Bombo)

Habari za wakati huu, wanajukwaa.

Nafungua uzi huu kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo vya Uganda waliorudi, au wanaokaribia kurudi, baada ya kusoma muhula mmoja nje ya nchi kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Habari za kuondoka zimeandikwa sana: viza, barua ya udhamini, nguo za baridi, namna ya kupata chumba. Habari za kurudi hazizungumzwi, kana kwamba mtu akishatua Entebbe na kupata begi lake shughuli imekwisha. Mimi naona kinyume chake. Kurudi ndiko kugumu zaidi, na sehemu kubwa ya ugumu huo inatokana na kukosekana kwa maandalizi, iwe kwa chuo, kwa familia au kwa mwanafunzi mwenyewe.

Nimerejea mwezi Machi kutoka Leipzig, Ujerumani, nilikokwenda kwa mpango wa Erasmus+ wa Umoja wa Ulaya, na sasa niko mwaka wa tatu katika chuo kimoja cha Kampala ambacho sitakitaja.

Nianze na kalenda, kwa sababu ndiyo inayomkamata mtu kwanza. Katika vyuo vyetu vingi mwaka wa masomo hufunguliwa Agosti, muhula wa kwanza huisha Desemba, na wa pili huanza kati ya Januari na Februari. Ujerumani muhula wa majira ya baridi huhesabiwa kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 31 Machi, mihadhara ikianza katikati ya Oktoba na kuisha Februari, kisha ndipo mitihani inapofuata. Anayekwenda katika muhula huo hupoteza muhula wetu wa kwanza, jambo ambalo amelitarajia, lakini pia hurudi wakati muhula wa pili umekwisha kuchanganya. Muhula wetu ni wiki 15 za kufundishwa na wiki 2 za mitihani. Ukiingia darasani wiki ya sita au ya saba, unakuta majaribio ya kwanza yamefanyika, makundi ya kazi za pamoja yamegawanywa, na mhadhiri anakutazama kama mtu aliyejichelewesha kwa hiari yake. Mwanafunzi wa namna hiyo huambiwa achague kati ya kukimbizana na muhula uliobaki na kusubiri mwaka mzima, na hakuna aliyemweleza hivyo wakati anatia saini fomu za kuondoka.

Jambo la pili ni krediti na alama, na hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa hapa ndipo wengi wetu tunapoumizwa bila kuelewa tumeumizwa na nini. Ulaya muhula mmoja huhesabiwa kuwa krediti 30, na krediti moja ni kati ya saa 25 na 30 za kazi yote ya mwanafunzi, yaani mihadhara, kusoma chumbani, kuandika na kufanya mtihani. Sisi krediti moja tunaipima kwa saa 15 za kukutana na mwalimu katika muhula. Somo la krediti 5 kule, lenye saa 125 hadi 150 za kazi kwa jumla, linaweza kuwa sawa kabisa na somo letu la krediti 4, lenye saa 60 za darasani ambazo juu yake mwanafunzi huongeza kusoma kwake mwenyewe. Karani anayelinganisha tarakimu peke yake, bila kuuliza zinapima nini, atakosea iwe kwa kukupunja au kwa kukupendelea.

Alama nazo zimepinduka. Ujerumani 1.0 ndiyo alama ya juu kabisa, 4.0 ndiyo ya chini ya kufaulu, na 5.0 ni kuanguka. Kwetu 5.0 ndiyo A, na chini ya 2.0 mtu anarudia somo. Nimeshuhudia karatasi yenye 1.3, alama ambayo Mjerumani huipokea kwa furaha, ikisomwa kaunta kuwa ni ya mtu aliyeanguka. Wajerumani wanapotaka kubadili alama za kigeni kuwa zao hutumia kanuni iitwayo kanuni ya Bavaria iliyorekebishwa: unachukua alama ya juu kabisa ya nchi ya mwanafunzi, unatoa alama aliyopata, unagawa kwa tofauti kati ya alama ya juu na ile ya chini ya kufaulu, unazidisha kwa 3, kisha unaongeza 1. Sasa tazameni: kwetu alama ya juu ni 5.0 na ya chini ya kufaulu ni 2.0, kwa hiyo tofauti ni 3, nayo inajifuta na ile 3 ya kuzidisha. Hesabu nzima inabaki kuwa kutoa alama kutoka 6. Alama ya 4.40, ambapo daraja la kwanza la shahada linaanzia katika vyuo vyetu vingi, inakuwa 1.6 kule, na 1.3 ya kule ukiirudisha huku inakuwa 4.7. Sisemi kwamba chuo chochote cha Uganda kinalazimika kuifuata kanuni hiyo, maana uamuzi ni wa chuo chenyewe. Nasema mwanafunzi aichapishe kwenye karatasi moja na kwenda nayo ofisini, kwa kuwa mjadala unaoanza na hesabu huenda mbali kuliko unaoanza na malalamiko.

Sasa nije nyumbani, na hapa ndipo nilipo na mengi.

Kwa miaka mingi Mganda wa kawaida anayepanda ndege ni mtu anayekwenda kyeyo. Anakwenda kufanya kazi za ndani katika nchi za Ghuba, kulinda malango Iraki, kutunza wazee Uingereza au Marekani, na akirudi anarudi na kitu: kiwanja, gari, karo za wadogo zake. Familia zetu zinajua namna moja tu ya kumpokea msafiri, na namna hiyo imejengwa juu ya kyeyo. Mwanafunzi wa muhula mmoja haingii humo. Amekwenda muda mfupi, amerudi na madaftari, na swali analokutana nalo kabla hajakaa vizuri ni moja: mbona umerudi?

Mimi nililiulizwa baada ya futari, kwa kuwa nilirejea katika mwezi wa Ramadhani. Sinia ilikuwa bado katikati, na baba yangu mdogo, ambaye namheshimu na aliyechangia nauli yangu ya kwenda kuomba viza, aliuliza kwa upole kabisa kama wale Wazungu walinifukuza. Nilipojibu kwamba muda wa masomo ulikuwa umekwisha na kwamba niliahidi kwa maandishi kurudi, alinyamaza, kisha akasema kuna kijana wa Wobulenzi aliyekwenda kwa viza ya masomo na sasa ana nyumba ya matofali. Hakukuwa na ubaya moyoni mwake. Alikuwa akipima safari yangu kwa kipimo pekee anachokijua, na kwa kipimo hicho nilikuwa nimerudi mikono mitupu.

Halafu kuna hesabu ya fedha, ambayo huwa inafanywa na wengine kwa niaba yako. Posho ya Erasmus+ kwa mwanafunzi anayetoka nchi kama yetu ni kati ya euro 800 na 900 kwa mwezi, na kila mtu hapa anaweza kuibadili kichwani kuwa zaidi ya shilingi milioni 3. Asichokiona ni kodi ya chumba, bima ya afya ambayo Ujerumani ni ya lazima na kwa mwezi inazidi euro 100, mchango wa muhula, chakula, na hata ada ya redio na televisheni inayodaiwa kila makazi, uwe na televisheni au usiwe nayo. Maoni yangu ni kwamba mwanafunzi aiweke hesabu hiyo mbele ya familia kabla ya kuondoka, kwa tarakimu, mezani, wazazi wakiwepo na yule ndugu mwenye kauli kubwa pia akiwepo. Ukiieleza baada ya kurudi inasikika kama udhuru.

Wataalamu wa mambo ya watu na jamii wameliangalia suala la kurudi kwa muda mrefu. Mwaka 1955 Mnorwe Sverre Lysgaard aliandika kuhusu wasomi wa kwao waliokwenda Marekani kwa udhamini wa Fulbright, akaonyesha kwamba mtu huanza ugenini kwa furaha, akashuka moyo, kisha akapanda tena, mfano wa herufi U. Mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn waliongeza kwamba anaporudi kwao hushuka na kupanda mara ya pili, na umbo likawa W. Maelezo hayo yamenisaidia, hasa katika zile wiki ambazo kila kitu cha Kampala kilinichosha: foleni ya Wandegeya, mikutano isiyoanza kwa wakati, umeme kukatika nikiwa katikati ya kazi. Hata hivyo wale walikuwa Wanorwe na Wamarekani, watu wanaorudi katika nchi ambazo hakuna jirani anayesikitika kwamba wamerudi. Kwetu mtu anashuka mara ya pili huku akitakiwa kujieleza kwa nini yupo.

Lililonisaidia zaidi halikutoka kwenye utafiti. Asubuhi ya kwanza mama yangu hakuniuliza habari za Ujerumani hata kidogo. Alinipa kanzu iliyopigwa pasi na majina ya nyumba za kupita: kwanza kwa wazee, kuwasalimu, kisha kwenye nyumba zilizofiwa nikiwa sipo, kuhani. Kwenye nyumba moja nilikuta mzee aliyenifundisha Kurani amekwisha kuzikwa tangu Novemba, nikakaa na mjane wake mkekani, akanisimulia alivyougua. Nilipomaliza mzunguko ule watu wa Bombo walikuwa wameniona, nami nilikuwa nimejua yaliyopita. Ningemshauri kila anayerudi afanye hivyo katika siku za mwanzo kabisa, kabla ya kufungua zawadi na kabla ya kwenda Kampala kukimbizana na msajili. Ukichelewa, utasikia kwamba umerudi na majivuno, na neno hilo likishazunguka halifutiki kwa urahisi.

Naomba michango yenu.

Mchangiaji (Mbarara)

Ndugu mleta uzi, karibu nyumbani na pole kwa safari.

Mimi nilisoma muhula wangu Dar es Salaam, nikarudi kwa basi kupitia Mutukula, na tatizo langu ni tofauti na lako kwa upande wa familia: hakuna aliyeona kwamba nilikuwa nje. Kwa ndugu zangu nje ni Ulaya na Marekani. Nilipotaka kueleza nilichojifunza, yaani namna wenzetu wanavyoendesha mjadala mzima wa sheria kwa Kiswahili sanifu bila kukwama, nilisikilizwa kidogo kisha mazungumzo yakahamia kwenye mambo mengine. Nalisema kwa uchungu kwa sababu hapa Uganda Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri lilipitisha kwamba kifundishwe shuleni kwa lazima. Mtu aliyekaa Dar es Salaam muhula mzima angefaa kuitwa angalau kwenye klabu ya lugha ya chuo chake. Mimi sikuitwa na yeyote.

Kwa upande wa krediti, msidhani jirani ni rahisi kuliko Ulaya. Tanzania krediti moja ni saa 10 za kazi yote ya mwanafunzi, na mwaka mzima ni krediti 120. Kwa hiyo nilirudi na karatasi iliyojaa tarakimu kubwa ambazo idara yangu ilizitilia shaka. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu mwaka 2017, na Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lina makao yake hapa hapa Kampala, lakini kwenye kaunta ya idara yangu ilikuwa kana kwamba nimetoka sayari nyingine.

Mchangiaji (mhadhiri, Kampala)

Nimesoma kwa makini na naomba kusema kwa niaba ya upande wa ofisi, ingawa simtetei aliyesoma 1.3 kuwa ni kuanguka.

Mwanafunzi wa Erasmus+ haondoki bila mkataba wa masomo uliosainiwa na pande tatu: yeye mwenyewe, chuo chake na chuo kinachompokea. Mkataba huo unataja masomo atakayochukua kule na masomo ya hapa ambayo yatahesabiwa kuwa yamefanywa. Ukifuatwa, kazi ya kutambua alama ni nyepesi. Shida tunayoipata ni kwamba mwanafunzi akifika anakuta somo fulani limejaa au linafundishwa kwa Kijerumani, anachukua jingine, na taarifa hatuletei. Mabadiliko yanaruhusiwa mwanzoni mwa muhula, mradi pande zote tatu zisaini upya. Akirudi na somo ambalo hatukulikubali, bodi ya watahini haina pa kuliweka, na hapo huwezi kumlaumu mkuu wa idara kwa kulinda kiwango cha shahada.

Kuhusu kalenda, nina ushauri ambao nimeutoa kwa wengi: yeyote mwenye nafasi ya kuchagua, aende muhula wa kiangazi. Kule unahesabiwa kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 30 Septemba, lakini mihadhara huisha Julai. Mwanafunzi anapoteza muhula wetu wa pili peke yake, na akifanya mitihani yake mapema anaingia mwaka mpya hapa Agosti pamoja na wenzake. Wengi hukimbilia ule wa Oktoba kwa sababu ndio unaotangazwa kwanza.

Jambo la mwisho ni usajili. Katika mpango huu chuo cha kule hakitozi ada ya masomo, lakini mwanafunzi anabaki kuwa wa hapa na anapaswa kusajiliwa hapa katika muhula ule ule. Asiyesajiliwa huonekana kwenye mfumo kama aliyeacha masomo, na kumrudisha ni kazi ndefu kuliko kubadili alama.

Mchangiaji (mzazi, Jinja)

Wanangu, nawashukuru kwa uzi huu. Binti yangu amerudi kutoka Ubelgiji, na tangu arudi anakaa chumbani na simu, akiongea na rafiki zake wa kule. Chakula anakula, sala anasali, lakini sisi hatuzungumzishi. Baba yake anaona ni kiburi. Mimi sidhani hivyo, lakini sijui nimwanzeje. Je, nimwache au nimsukume?

Mleta uzi (Bombo)

Shikamoo mama. Kwa heshima zote, naona usimwache na usimsukume pia, bali mwulize mambo madogo. Sisi tunaorudi huwa tunaulizwa swali moja kubwa, kwamba Ulaya kukoje, na swali hilo halijibiki, kwa hiyo tunasema kuzuri na kunyamaza. Mwulize duka la mboga lilikuwa umbali gani na chumba chake, nani alikuwa jirani yake, walikuwa wanapika nini Jumapili, mara ya kwanza kuona theluji alikuwa wapi. Mwombe apike chakula kimoja cha kule nyumbani kwako, na umsaidie kukatakata. Rafiki zake wa kule nao ni watu wa kweli kwake, kwa hiyo siku moja mwombe awasalimu kwa niaba yako, ukiwa umekaa karibu naye kwenye simu. Na kwa mzee, ningeomba umweleze kwamba kunyamaza kwa binti si dharau, kwa kuwa alizoea kuamua kila kitu peke yake kwa miezi, naye sasa anajifunza upya kuishi katika nyumba yenye wakubwa.

Mwalimu, nashukuru sana kwa ushauri wa muhula wa kiangazi. Ningeomba jambo hilo liandikwe kwenye tangazo lenyewe la nafasi, maana mwanafunzi wa mwaka wa pili hana njia ya kulijua. Na kwenye suala la mkataba nakubaliana nawe, ila naomba ofisi nazo zijibu barua pepe. Kuna wanafunzi wanaoandika kuomba mabadiliko mwezi Oktoba na kujibiwa Januari, wakati mlango wa kubadilisha umekwisha kufungwa.

Dada wa Mbarara, niandikie pembeni. Nina wazo la kuomba ukumbi chuoni kwetu, ili waliorudi kutoka Dar es Salaam, Nairobi na Ulaya wazungumze na wanaojiandaa kuondoka, na ningependa wewe ndiye uzungumze wa kwanza, kwa Kiswahili.

Mchangiaji (kwa sasa Poland, mwenyeji wa Arua)

Ndugu, mimi narudi mwishoni mwa muhula huu, na sasa natetemeka. Matokeo yangu yatatoka nikiwa nimekwisha kuondoka. Laini yangu ya simu ya Uganda nayo haijatumika tangu nifike. Nifanye nini katika muda huu mchache uliobaki?

Mleta uzi (Bombo)

Ndugu yangu, muda unatosha ukianza leo.

Nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni ukaombe maelezo rasmi ya kila somo ulilochukua, yakionyesha saa, maudhui na namna mlivyopimwa, yawe na muhuri. Omba pia karatasi inayoeleza mfumo wa alama wa chuo hicho. Andika barua pepe ukiwa bado huko, ukiwaomba watume transkripti moja kwa moja kwa msajili wa chuo chako na nakala kwako, na uhakikishe anuani waliyo nayo ni ya ofisi, kwa sababu mtu mmoja akihama idara barua yako inapotea.

Akaunti ya benki ya huko usiifunge mpaka mwenye nyumba arudishe fedha ya dhamana ya chumba, kwani mara nyingi huirudisha baada ya wewe kuondoka. Serikali ya mtaa nayo ijulishe kwamba unahama, kama sheria ya huko inavyotaka.

Laini ya simu ishughulikie kwa haraka. Laini isiyotumika kwa miezi inaweza kufungwa na namba yake kupewa mtu mwingine, na kwetu namba ndiyo inayobeba pesa zako za simu. Ukifika, nenda kwenye kituo cha huduma na kitambulisho chako cha taifa wewe mwenyewe, usimtume ndugu. Kadi ya homa ya manjano iweke pamoja na pasi ya kusafiria, kwenye begi la mkononi, kwa sababu Entebbe wanaitazama.

Na kwa kuwa Arua ni mbali, usipande basi la usiku siku ile ile unayotua. Lala Kampala, pita kwa mkuu wa idara asubuhi uonekane na uweke barua yako ya kurejea ikiwa na tarehe na saini ya kupokelewa, kisha ndipo uende ukasalimu nyumbani kwa nafsi iliyotulia. Ukikwama kwenye kugeuza alama, weka hapa jina la nchi na mfumo wao bila kuweka matokeo yako, tutaifanya hesabu pamoja.